Mkate Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Leo twataka kusema na mtu ambaye mzigo wake umekuwa mzito kuliko mabega yake.

Mtu huyu twamfahamu, kwa maana yumo katika kila kanisa. Shule zimefunguliwa, na karo ya watoto wawili yatakiwa kwa siku moja. Mama yake mzee amelazwa. Mvua za vuli zilikatika mapema, mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Mkopo alioupata kwa simu ili alipe mkopo mwingine, nao siku yake imefika. Kila shida ikija peke yake angeiweza, lakini zimemjia pamoja kama wageni waliopatana njiani. Usiku hapati usingizi, na akipiga magoti aombe, maneno hayatoki. Kisha Jumapili anamsikia mwenzake akishuhudia jinsi alivyoomba akajibiwa siku ile ile, naye anajiuliza moyoni, Je, imani yangu imekufa?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo. Wengi hudhani ya kwamba maombi ni kazi ya mtu mwenye nguvu, na kwamba aliyelemewa hana budi kwanza ajikaze, apate imani ya kutosha, ndipo amwendee Mungu. Lakini tukiifungua Biblia twaona mambo kwa utaratibu mwingine. Na tumtazame mtumishi mmoja wa Mungu aliyelemewa kabisa, tuone Mungu alimtendea nini, na alianza na lipi.

Nabii anakimbia

Mtu huyo ni Eliya. Katika sura ya 18 ya Wafalme wa Kwanza twamwona juu ya mlima Karmeli akisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Aliomba, na moto ukashuka. Aliomba tena, na mvua ikanyesha baada ya ukame wa miaka. Kisha akapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kama kuna mtu aliyejua kuomba, ndiye huyo.

Tukigeuza ukurasa, Malkia Yezebeli ametuma mjumbe kumwambia ya kwamba kesho saa kama hizi atakuwa maiti. Eliya akaondoka mbio kwenda Beer-sheba, kusini kabisa mwa Yuda. Kutoka Yezreeli hadi huko ni zaidi ya kilomita 140, karibu kama kutoka Nairobi hadi Nakuru. Huko akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Mwishowe akaketi chini ya mretemu. Huu ni mti mdogo wa jangwani wenye majani haba, na kivuli chake chatosha mtu mmoja tu, tena kwa shida. Hapo akamwomba Mungu amwondolee uhai wake.

Ndugu zangu, ni nabii yule yule wa Karmeli. Hakuwa ameanguka katika dhambi kubwa, wala hakuwa ameiacha imani. Alikuwa amechoka, amekaa na njaa, amekosa usingizi, anaogopa, na yuko peke yake. Basi kama Eliya aliweza kufika chini ya mretemu, mtu wa Mungu awaye yote aweza kufika hapo. Tusimhukumu ndugu yetu anayepita njia hiyo.

Kwanza, aliomba maombi ya kweli

Tuangalie vizuri maneno ya Eliya. Hayakuwa maombi mazuri. Hakuna sifa ndani yake, hakuna shukrani, na jambo aliloliomba halikuwa la kuombwa. Hata hivyo alimwambia Mungu. Alipokuwa hana jambo jema la kusema, bado alijua wa kumwambia. Mungu hakumkemea kwa ajili ya sala ile. Hakumpa alichokiomba, lakini hakumfukuza mbele zake.

Watu wa Mungu wa zamani waliomba hivi. Katika Zaburi zetu 150, karibu sehemu moja kati ya tatu ni za kulia na kulalamika mbele za Mungu. Nyingi kati ya hizo huanza kwa machozi zikamalizika kwa tumaini. Lakini Zaburi ya 88 huanza gizani na kumalizika gizani, wala hakuna mstari wa furaha mwishoni. Mtu anayeomba pale anasema tu mambo yalivyo, mchana na usiku, kwa Mungu anayemwita wokovu wake.

Tena Kanisa letu halikuificha zaburi hiyo. Kitabu cha Sala cha 1662 kiligawanya Zaburi zote ili zisomwe kwa siku 30, asubuhi na jioni, na Zaburi ya 88 imewekwa asubuhi ya siku ya 17. Maana yake, kila mwezi, siku hiyo ikifika, mwenye furaha na mwenye huzuni huisoma pamoja. Aliyebarikiwa huisoma kwa niaba ya jirani yake anayelia, naye anayelia hugundua ya kwamba machozi yake yana mahali katika ibada.

Bwana wetu mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Kule Gethsemane alisema waziwazi ya kwamba roho yake ina huzuni nyingi, na Mathayo atuambia katika sura ya 26 ya kwamba aliomba mara tatu kwa maneno yale yale. Basi wewe ambaye umeomba neno lile lile wiki nzima kwa kuwa huna lingine, usidhani umepungukiwa imani. Umesimama mahali aliposimama Bwana.

Wala maombi si lazima yawe marefu. Petro alipoanza kuzama ziwani hakuwa na nafasi ya kupanga maneno. Katika Biblia yetu ya Kiswahili sala yake katika Mathayo 14:30 ina maneno mawili tu, na mara Yesu akanyosha mkono akamshika. Usiku ukiwa mrefu na akili imechoka, liite jina la Bwana, umwambie jambo moja unalolitaka. Yatosha. Na kama hata hilo halitoki, Paulo anatufundisha katika Warumi 8:26 ya kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mtu akiugua mbele za Mungu, huko nako ni kuomba.

Pili, Mungu alianza na mkate

Sasa tuone jibu la Mungu. Huenda tungetazamia ya kwamba angemhubiria Eliya, au angemwonyesha maono. Lakini Eliya alilala usingizi, na Mungu alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Alipotazama, palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula, akisema ya kwamba safari iliyo mbele ni kubwa mno kwake.

Ni ajabu kwamba mjumbe atokaye mbinguni alishughulika kwanza na chakula na usingizi! Mungu aliyetuumba anajua ya kwamba roho na mwili hukaa nyumba moja. Mtu asiyelala siku 5 huyaona mambo yote kuwa meusi, na mtu mwenye njaa hukosa saburi hata kwa watoto wake. Mara nyingi giza tunalolidhania ni la rohoni limeanzia kwenye mwili uliochoka.

Kwa hiyo twataka kuwaonya ndugu zetu kwa upendo. Akija kwenu mtu aliyelemewa, msikimbilie kumwambia afunge siku 7 na kukesha usiku. Kufunga ni kwema kwa wakati wake, lakini Eliya alipokuwa hoi Mungu hakumwambia afunge; alimlisha. Mpikieni uji. Mchukulieni watoto wake siku moja apate kulala. Mtu akitenda hivyo anafanya kazi ya malaika.

Vile vile kuna ugonjwa wa huzuni kuu ambao matabibu wanaujua na kuutibu. Mtu huona siku zote hazina ladha, hawezi kula, hawezi kufanya kazi, naye hukaa hivyo majuma mengi. Ugonjwa huo haushiki wasioamini peke yao, wala hauonyeshi ya kwamba mtu amelaaniwa. Mtume Paulo alisafiri na Luka, ambaye katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa, na hatusomi popote ya kwamba alimtaka aache utabibu ndipo aamini. Dawa na maombi havigombani. Amwombaye Mungu ampe afya, kisha akaenda kliniki, amefanya mambo mawili yanayopatana.

Na hapa tuseme waziwazi juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona tu. Eliya aliomba kufa. Wapo kati yetu, wazee kwa vijana, ambao mawazo hayo yamewajia, nao wameyaficha kwa aibu na kwa kuogopa serikali. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua ya kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, hakipatani na Katiba. Ikiwa mahakama imeona ya kwamba mtu wa namna hiyo ahitaji msaada na si kifungo, je, kanisa limtazame kwa jicho kali kuliko mahakama?

Ndugu yangu, dada yangu, ikiwa ndiwe, usikae na wazo hilo peke yako usiku wa leo. Mwamshe mtu nyumbani, au mpigie mchungaji wako, au nenda hospitali iliyo karibu ukawaambie kama ulivyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mungu alimnyima Eliya alichoomba, kwa kuwa alikuwa bado na kazi naye na safari naye. Wewe pia ana kazi nawe.

Tatu, Mungu aliuliza na kusikiliza

Kwa nguvu za chakula kile Eliya alikwenda siku 40 mchana na usiku hata mlima wa Horebu, akaingia pangoni. Ndipo Mungu alipomuuliza anafanya nini pale. Mungu alijua. Aliuliza ili Eliya apate kusema. Eliya akamwaga yote: alivyojitia kwa bidii, jinsi Israeli walivyoliacha agano, na jinsi alivyosalia yeye peke yake, nao wanamtafuta.

Kisha ukaja upepo mkubwa, na tetemeko la nchi, na moto, lakini Bwana hakuwamo katika hayo. Baada ya moto ikaja sauti ndogo ya utulivu. Yule aliyeshusha moto juu ya Karmeli, safari hii alikuja polepole, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Wakati mwingine twamtafuta Mungu kwenye kishindo, tukihama mkutano mmoja mpaka mwingine, ilhali yeye anatungoja katika saa ya utulivu nyumbani, Biblia ikiwa wazi magotini. Alipoulizwa mara ya pili, Eliya alirudia maneno yale yale. Mungu akayasikiliza tena.

Nne, Mungu alimpa kazi na mwenzake

Baada ya kumlisha na kumsikiliza, ndipo Mungu alipomjibu. Tuangalie ya kwamba hakumwambia Yezebeli amekufa. Malkia yule alikuwa bado kwenye kiti chake. Mara nyingi na sisi hutoka kwenye maombi tukakuta deni liko pale pale na mgonjwa hajapona. Lakini Eliya alipewa vitu ambavyo hakuwa navyo alipoketi chini ya mretemu.

Alipewa kazi yenye hatua zinazojulikana: arudi njia yake, amtie mafuta Hazaeli, na Yehu, na Elisha. Mzigo ukiwa mkubwa hatuwezi kuubeba wote kwa siku moja, lakini twaweza kuuliza, Bwana, leo nifanye lipi? Huenda la leo ni kwenda kwa mwalimu mkuu kumwomba nafasi ya kulipa karo kidogo kidogo. Huenda ni kuandika madeni yote kwenye karatasi, hata yale ya aibu, na kumwonyesha mke au mume. Kufanya jambo moja mbele za Mungu ni sehemu ya maombi.

Tena alipewa mwenzake. Eliya alisema amesalia peke yake, na haikuwa kweli. Siku chache kabla ya hapo Obadia, aliyekuwa juu ya nyumba ya Ahabu, alikuwa amemwambia ya kwamba amewaficha manabii 100 pangoni akawalisha. Eliya alizisikia habari hizo kwa masikio yake, lakini uchovu ulizifuta. Mungu akamwambia ya kwamba wako 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti, akampa na Elisha wa kumhudumia.

Hapa kwetu Kenya tuna kaburi linalotufundisha jambo hilo. Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Juni alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai Rosina alifariki baada ya kujifungua, na siku chache baadaye mtoto mchanga naye akafariki, huku Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa wa homa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Hatusemi ya kwamba hakulia. Lakini aliwaandikia wakubwa wake habari za kaburi lile pasipo kuficha, akashika tena kazi yake ya kila siku, neno kwa neno, akijifunza lugha. Karibu miaka 2 ikapita kabla hajapata mwenzake. Johannes Rebmann alifika mwaka wa 1846, wakahamia pamoja Rabai. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitolewa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Sisi tunaomba leo kwa lugha ambayo mtu aliyefiwa aliitumikia.

Na wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda ukafika Kenya kabla ya Vita Kuu ya Pili, walituachia desturi njema ya kukutana wachache na kusema wazi hali ya mioyo yao, wakiita jambo hilo kutembea nuruni. Desturi hiyo tusiiache ife. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika ushirika wako wa nyumbani, kati ya akina mama wa Umoja au wanaume wa KAMA, mtafute mmoja tu mwenye kinywa kinachohifadhi siri, umwambie ukweli, muombe pamoja.

Tufanye nini wiki hii?

Basi, ndugu msikilizaji uliyelemewa, ushike njia hii ya Eliya. Leo kabla hujalala, mwambie Mungu ukweli wako kama ulivyo, hata kama ni maneno mawili. Kisha kula, ukalale. Mwachie Mungu zamu ya usiku, kwa maana mlinzi wa Israeli hasinzii. Kesho asubuhi isome Zaburi moja polepole, ukae kimya kidogo. Uliza jambo moja la kufanya siku hiyo, ulifanye. Na kabla ya Jumapili mwambie mtu mmoja.

Nawe usiyelemewa wiki hii, mtazame aliyekaa nawe benchi moja kanisani. Huenda amevaa vizuri na anaimba kwa sauti, kumbe moyoni yuko chini ya mretemu. Usimletee hotuba. Mpelekee mkate.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyemlisha mtumishi wako jangwani alipokata tamaa, watazame watoto wako wanaotusikiliza wakiwa wamechoka. Wape usingizi wale wasiolala. Wape chakula wasio nacho, na utufanye sisi kuwa mikono ya kukipeleka. Uwasikie wasio na maneno. Uwaepushe na mauti wale wanaoitamani, uwapelekee mtu wa kuwashika mkono usiku huu. Utuonyeshe sote hatua moja ya kesho, nawe uwe pamoja nasi tunapoikanyaga. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyelia Gethsemane, naye yu hai milele. Amina.